Herufi P Iliyompeleka Mgonjwa Bura

Nimestaafu mwezi uliopita, na tayari Saadia amenipigia simu mara nne kuniuliza msumeno mdogo wa kukatia plasta uko wapi. Uko droo ya chini, nyuma ya pamba, pale pale ulipokuwa siku zote. Mara ya nne nilimwambia nitaliandika hilo, ili asinimalizie chaji. Ndiyo maana nimekaa hapa barazani kwangu, Garissa, na daftari la mistari na birika la chai, nikiwaandikia nyinyi mliobaki katika chumba cha plasta. Habari za vyeo na mishahara sitaziandika. Hizo ziko kwenye faili, na faili haijawahi kumponya mtu. Nitaandika ya kazi yenyewe, na nisipojizuia nitarukia moja kwa moja habari za Daktari Joshi, maana hata leo nikizikumbuka nasisimka mwili mzima.

Lakini tuanze na siku ya kwanza. Aliyenipokea alikuwa Mzee Kilonzo, Mkamba wa Kitui, fundi wa plasta aliyekuwa ameifanya kazi hiyo mpaka kucha zake zikawa nyeupe daima. Alinitazama, akaitazama hijabu yangu, akasema, "Msichana, hiyo nguo itaingia kwenye ndoo." Iliingia kweli, siku hiyo hiyo. Akanionyesha namna ya kuichovya bendeji ya plasta kwenye maji: usiitoe kabla mapovu hayajaisha, na ukiitoa usiikamue kama nguo, ishike ncha zote mbili uisukume ndani kidogo tu. Kisha akaniambia neno ambalo mmelisikia kwangu mpaka mmechoka: "Plasta haitaki vidole. Inataka viganja." Ukibonyeza kwa kidole unaacha shimo, na shimo hilo litamla mgonjwa ngozi kimya kimya mpaka siku utakapofungua na kuziba pua.

Wafugaji wa wakati ule hawakuwa wamezoea kuona mwanamke anashika mfupa. Mzee mmoja wa Eldas, mkono umevunjika mara mbili, aliuliza mwanamume wa chumba hiki yuko wapi. Mzee Kilonzo akajibu bila kuinua kichwa, "Mwanamume ni mimi, na mimi nimechoka. Mpe mkono huyo." Akanipa. Mpaka leo sijui kama aliniamini au maumivu yalimzidi.

Jambo moja tu ndilo lililomshinda Mzee Kilonzo kunifundisha, nalo ni herufi p. Sisi Wasomali herufi hiyo hatukupewa. Nikiandika naijua, mnaiona hapa nimeiweka kila inapostahili, lakini ikifika mdomoni inageuka. "Sema plasta," ananiambia. "Blasta," najibu. "Plasta!" "Blasta!" Alikata tamaa katika wiki ya pili. Tulicheka sana kwa ajili hiyo, na sikujua kwamba siku moja herufi hiyo nusura imgharimu binti wa watu mguu.

Niwataje pia wapinzani wetu, wale wanaounga mifupa kwa vijiti na kamba huko vijijini. Aliyejulikana kuliko wote alikuwa Mzee Shukri wa Bura. Miaka mingi niligombana naye kwa mbali, bila kumwona, kupitia wagonjwa aliowafunga kwa nguvu mno. Nilikuwa nakata kamba zake kwa hasira. Halafu siku moja akanitumia mgonjwa pamoja na ujumbe wa mdomo: huyu vidole vyake vimekuwa baridi, muoneni nyinyi. Nikajua mzee huyu anatazama vidole vya mguu kama ninavyotazama mimi. Tangu siku hiyo sikumtukana tena, ila kwa kujisahau.

Sasa Daktari Joshi. Alikuja kwetu akiwa mtu mzima mwenye mvi, daktari wa kupasua mifupa, Mhindi mzaliwa wa Kisumu. Tulikuwa tumejiandaa kumsaidia kwa lugha, kumbe Kiswahili chake kilikuwa kinyoofu kuliko changu, na akikasirika alikuwa anakasirika kwa Kijaluo. Wiki ya kwanza mazungumzo yote ya kantini yalikuwa midomo yake. Kila akisimama kwenye sinki la kunawia kabla ya upasuaji, mabomba yakitiririka, viwiko juu, midomo yake inacheza. Hakuna sauti. Mmoja akasema anahesabu dakika za kunawa. Mwingine akasema anatusengenya kwa Kihindi.

Mimi niliona kitu kingine. Kabla hajafungua bomba, kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kinatembea juu ya pingili za vidole vingine, moja baada ya moja, polepole. Mama yangu alikuwa anafanya hivyo hivyo kila baada ya swala, tasbihi yake ikiwa imepotea. Mtu anayehesabu kwa pingili za vidole hamsengenyi mtu. Siku hiyo alipoingia chumba cha plasta kunywa chai, nikamuuliza waziwazi, "Daktari, unamhesabia Mungu nini?"

Akaweka kikombe chini. Uso ulimng'aa kana kwamba alikuwa amelisubiri swali hilo tangu ashuke kwenye gari. "Dada Habiba," akasema, "inaitwa japa."

Nawaambia wanangu, tangu siku hiyo mapumziko ya chai yakawa darasa, na mimi nilikuwa nakimbilia darasa hilo. Miaka yote nilikuwa nimewaona Wahindi wakija na kuondoka na nilikuwa nimedhani ibada yao ni kengele na maua tu. Alianza kwa kunionya kwamba Wahindi ni wengi na kila nyumba ina njia yake, kwa hiyo atanieleza ya nyumba yao, ya bibi yake aliyemlea Kisumu. Bibi alikuwa na kipembe cha ibada jikoni, pana taa ndogo ya samli na ua moja la asubuhi. Hapo kwanza alikuwa anaomba: anashukuru, anawataja wagonjwa kwa majina, anaomba mvua, anaomba mjukuu afaulu hesabu. Hiyo ni sala ya mtu kumwambia Mungu haja yake, na hapo nikamwambia, hiyo tunaifahamu, hiyo ni dua.

Baada ya dua bibi alikuwa anashika tasbihi yake na kuanza japa. Japa ni kulirudia neno takatifu, nalo neno hilo ndilo mantra. Mantra yaweza kuwa silabi moja tu, kama Om, au yaweza kuwa maneno kadhaa yenye jina la Mungu. Ni maneno ya Kisanskriti, lugha yao ya kale, na hayabadilishwi ovyo, kwa sababu kwao sauti yenyewe ina heshima, si maana peke yake. Nikaruka kwenye stuli. "Kama sisi na Kiarabu cha Kurani!" Akacheka, akasema tusifananishe kila kitu lakini hapo nimekaribia.

Kuna namna tatu za kulisema, akaniambia. Kwa sauti, watu wasikie. Kwa mnong'ono, midomo icheze tu. Na kimya kabisa, moyoni, hata midomo isijue. Ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo wanayoipenda zaidi. Yeye kwenye sinki alikuwa bado kwenye ya pili. "Miaka hamsini," akasema, "na midomo yangu bado haijajifunza kunyamaza."

Kesho yake alileta tasbihi yake ya mbegu za kahawia, nami nikatoa yangu. Yangu ina punje tisini na tisa, yake mia na nane, na juu yake moja kubwa ambayo hawaivuki: wakiifikia wanageuka na kurudi walikotoka. Punje hawazisukumi kwa kidole cha shahada, ila kwa gumba na kidole cha kati, kwa sababu kidole cha shahada ni kile cha kuwanyooshea watu, kina majivuno. Nikamuuliza kwa nini mia na nane. Akasema ukiwauliza Wahindi kumi utapata majibu kumi, lakini bibi yake alimwambia mia ni za Mungu na nane ni za kufidia alipokosea kuhesabu. Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Sikumficha pale tulipotofautiana. Nilimuuliza habari ya sanamu. Akasema, "Picha ya mama yako si mama yako, lakini huwezi kuikanyaga." Nikamwambia sisi hatumfanyii Mungu picha hata moja. Akasema, "Najua." Tukanywa chai. Wala dini yangu haikupungua na yake haikupungua, na birika lilikuwa lile lile.

Kilichonisumbua ni lile la tatu, baada ya dua na japa, yaani dhyana, ile tafakuri yao. Mara nyingi nilimkuta kwenye stuli yangu ya plasta, mgongo umenyooka, macho yamefumbwa, mikono magotini. Nilidhani analala na nilikuwa namrudishia mlango. "Silali," akaniambia. "Kwenye dua nasema. Kwenye japa naita. Kwenye dhyana nimemaliza kuita, nasikiliza." Nikamwambia sielewi, mtu anawezaje kufanya kazi kwa kutofanya kitu? Wakati huo nilikuwa nimemaliza kumfunga mzee mmoja mguu na nilikuwa nimeushika kwa viganja viwili, nikingoja plasta ishike. Akanitazama. "Sasa hivi unafanya nini?"

"Sifanyi kitu," nikasema. "Nashika tu."

"Ukiacha?"

"Ikiwa bado laini, mfupa utapinda."

"Unafikiri nini?"

"Nikianza kufikiri ya nyumbani, mkono unateleza."

Akapiga meza kwa furaha. "Basi umeelewa! Umeifanya miaka yote hii!" Yule mzee aliyefungwa mguu akatuuliza tumepata habari gani njema. Nikamwambia atulize mguu. Lakini kweli nilijisikia kama mtu aliyeokota kitu chake mwenyewe kwenye nyumba ya jirani.

Sasa mtaelewa kwa nini nilikuwa nimejaa maneno siku Fardosa alipoletwa.

Fardosa alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, muuza maziwa ya ngamia, aliyeanguka kutoka juu ya lori la mbuzi. Mfupa wa muundi ulikuwa umevunjika na kuchomoza nje ya ngozi, na siku tatu zilikuwa zimepita kabla hajatufikia. Jeraha lilikuwa limeanza kunuka. Mpango ulikuwa wazi: apelekwe thieta asubuhi, asafishwe mpaka kwenye nyama hai, mfupa ushikwe kwa vyuma vya nje. Yeye alikuwa wa pili kwenye orodha. Mama yake, Dekha, alikuwa mjane, mwanamke mwembamba wa macho makali, na Fardosa ndiye mtoto pekee aliyekuwa amebaki naye. Aliketi kwenye ukumbi karibu na mlango wa thieta, pale penye kioo kidogo, na kupitia kioo hicho akamwona Daktari Joshi akinawa kwa ajili ya mgonjwa wa kwanza. Akaona midomo.

Mimi nilikuwa napita na ndoo. Akanivuta nguo, akaniuliza kwa Kisomali, "Walaal, ndugu yangu, huyu anasema nini kwenye maji?"

Ningeweza kusema anaomba. Neno moja, duco, angetosheka. Lakini mimi na elimu yangu mpya! Nilikuwa nawashwa kuionyesha. Nikajibu kwa fahari, "Anasema jaba."

"Jaba?"

"Jaba. Mara mia na nane."

"Kila siku?"

"Kila siku, kabla ya kila mgonjwa. Bila hiyo hashiki kisu."

Akaniachia nguo. Nikaenda zangu na ndoo yangu, nikijiona mwalimu.

Nusu saa baadaye Saadia alikuja mbio. Alikuwa mgeni kazini wakati huo, na bado alikuwa anaogopa kuniita eedo, yaani shangazi, kwa sauti. "Eedo, ule mama ameenda! Amebeba msichana na gari ya Bura, ati anaenda kwa Mzee Shukri. Anasema hapa kuna sihiri. Eedo, kwani ulimwambia nini?"

"Nimemwambia daktari anafanya ibada yake. Anasema jaba."

Saadia akanitazama. "Eedo, sema tena hiyo neno. Bolebole."

"Ja-ba."

"Sikia mdomo yako, Eedo. Sikia kwa Kisomali."

Nikasikia. Wanangu, ndoo ilinidondoka. Kwa Kisomali, jab ni kuvunjika. Na jaba ndivyo unavyoviamuru vitu vingi kwa pamoja: vunjikeni! Nilikuwa nimemwambia mama mwenye binti aliyevunjika mfupa kwamba daktari anasimama kwenye maji na kuiamuru mifupa ivunjike, mara mia na nane, kila siku, na bila hivyo hashiki kisu. Hata mimi ningembeba mwanangu nikakimbia.

Nilimngoja Daktari Joshi atoke thieta nikamwambia yote, kosa ni langu, na nililia. Nilitarajia akasirike kwa Kijaluo. Akauliza tu jeraha lilikuwaje asubuhi. Nikamwambia lilivyonuka, na wekundu ulivyopanda juu ya kifundo. Akasema, "Likikaa hivyo mpaka kesho kutwa, sitakuwa nazungumza habari ya kuuokoa mguu. Nitakuwa nazungumza mahali pa kuukata." Akavua aproni. "Tuombe gari."

Baada ya adhuhuri tulikuwa njiani, mimi, yeye na dereva wa gari la wagonjwa. Sikusema neno njia nzima, jambo ambalo dereva alilitaja kuwa muujiza.

Tulimkuta Fardosa kwenye mkeka chini ya turubai la Mzee Shukri, uso umelowa kwa homa. Ndiyo mara ya kwanza nilimwona mzee yule ana kwa ana: mfupi, ndevu nyekundu za hina, mikono mikubwa. Alikuwa hajamgusa. "Mimi nafunga mfuba," akaniambia kwa Kiswahili, makusudi ili daktari asikie. "Harufu sifungi. Nimeambia huyu mama rudi Garissa. Anakataa."

Dekha alikuwa amesimama mbele ya mkeka na fimbo mkononi. Akamnyooshea daktari. "Huyo asivuke hapa." Kisha akaninyooshea mimi. "Na huyu asitafsiri. Nataka kusikia kwa mdomo wa mtu mwingine."

Nikamwambia nilivyokosea. Nikasema hatuna herufi ile, neno ni lingine kabisa, wallahi nakuapia. Akasema, "Ulisema mara mbili." Ilikuwa kweli. Nikaona haya kuliko nilivyowahi kuona maishani, nikarudi nyuma nikasimama karibu na dereva. Mzee Shukri, aliyejifunza Kiswahili kwa miaka ya kuuza ng'ombe soko la Garissa, akawa mkalimani.

"Daktari, huyu mama nauliza: wewe nasema nini kwa maji? Sema kwa nguvu, yeye asikie."

Daktari Joshi akamgeukia Mzee Shukri. "Mwambie siwezi. Neno hilo nilipewa na mwalimu wangu wa dini, sikioni, nikiwa na miaka kumi na miwili. Kwetu halitolewi. Hata mke wangu hajawahi kulisikia. Ni jina la Mungu, na zaidi ya hapo siwezi kusema."

Mzee Shukri alitafsiri vizuri, bora kuliko ambavyo ningefanya mimi, nakiri. Lakini niliona uso wa Dekha ukifunga. "Jambo jema halifichwi," akasema. Fardosa akaguna pale mkekani, akamwita mama yake, "Hooyo." Nilimtazama daktari nikisema moyoni, liseme tu! Neno moja kwa mguu mmoja! Yeye akanitazama na kutikisa kichwa polepole, na nikaona inamuuma.

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akakunja mikono ya shati, akanyoosha vitanga mbele ya Dekha.

"Mwambie atazame."

Mikono ilikuwa inatetemeka. Si kidogo, inatetemeka waziwazi, mpaka pete yake ilikuwa inacheza. Nilikuwa nimefanya kazi naye miezi minane. Nilikuwa nimempa mkasi, nimempa chai, nimemwonyesha tasbihi. Sikuwahi kujua.

"Ni hivi tangu ujana," akasema. "Nikiogopa inatetemeka. Chuoni, mwalimu wangu wa upasuaji aliniambia nitafute kazi nyingine. Wenzangu hospitalini hawajui, na huyu dada yangu hapa hajui. Wewe ndiwe wa kwanza ninayekuonyesha."

Mzee Shukri alitafsiri kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeshikishwa kitu cha thamani. Dekha akaishusha fimbo.

Daktari akaketi chini, mgongo umenyooka, mikono magotini, viganja juu. Akafumba macho. Midomo ikaanza kucheza, kidole gumba kikitembea kwenye pingili. Tulingoja. Mbuzi walipita, dereva akakohoa akajizuia. Dekha akasogea, akachuchumaa mbele yake umbali wa hatua mbili, macho hayabanduki kwenye midomo ile. Baada ya muda midomo ikatulia, na gumba likasimama. Hata pumzi yake ilikuwa haionekani. Nikajua amefika kule kwa kusikiliza.

Alipofumbua macho, aliinua mikono. Dekha akaokota kijiti chembamba kwenye fungu la vijiti vya Mzee Shukri, akakilaza juu ya vidole vya daktari bila kumgusa. Kijiti kilikaa. Akakitazama, na sisi sote tukakitazama. Hakikutikisika!

"Kumbe mikono ndiyo inayoambiwa," akasema Dekha.

"Daktari," akasema Mzee Shukri, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "huyu mama nasema, hiyo maneno ni ya mkono yako. Si ya mfuba ya mtoto."

"Ndiyo. Maneno hayaungi mfupa. Mguu wa Fardosa unataka maji mengi, dawa na kisu. Maneno ni ya kunituliza mimi."

"Nauliza tena: siku moja mkono ikikataa kutulia?"

"Siku hiyo nitaweka kisu chini, nimwite mwenzangu."

Dekha akafikiri. Kisha akasimama akaanza kukunja ncha za mkeka aliolalia Fardosa. Mimi nilikuwa tayari nimeshika upande wa machela, maana nilijua mkeka ukikunjwa shauri limekwisha. Alipopita mbele yangu akasema, "Kesho nitasimama kwenye kioo. Mikono kwanza. Nikiiona inatikisika, nambeba mwanangu." Jua lilikuwa bado juu tulipoondoka Bura, na Fardosa alianza kupewa dawa ya mshipani humo humo garini.

Asubuhi, Dekha alikuwa kwenye kioo kabla yetu. Daktari Joshi akanawa, midomo ikacheza, mabomba yakatiririka. Alipomaliza hakuingia ndani moja kwa moja kama kawaida yake. Alikuja mpaka kwenye kioo, viwiko vimekunjwa, maji yanadondoka, akainua mikono yote miwili mbele ya macho ya Dekha. Dekha aliikagua kama anayenunua ngamia, mbele na nyuma, hakuharakisha. Wauguzi walikuwa wananitazama niwaeleze. Mimi nilikuwa nimeapa kutoeleza mtu chochote. Kisha Dekha akainamisha kichwa, na daktari akaingia.

Walisafisha jeraha lile mara tatu kwa siku tofauti, na kila mara mikono ilipita kwenye kioo kwanza. Vyuma vikakaa wiki nyingi. Mara mbili homa ilirudi na mara mbili Daktari Joshi hakugusa chakula. Vyuma vilipotolewa, Fardosa akaja kwangu, na nilimfunga plasta nzuri kuliko zote nilizowahi kufunga, kwa viganja, na sikumwambia mama yake hata neno moja la ziada. Saadia alisimama mlangoni kuhakikisha.

Siku ya kuikata plasta hiyo niliuona mguu. Mwembamba, umekauka ngozi, kovu refu, lakini mnyoofu. Vidole vina joto, vinacheza. Fardosa akashuka kitandani, akashika meza, akaiachia, akavuka chumba mpaka dirishani. Alirudi bila kushika kitu. Nilipiga kigelegele ambacho kilileta watu kutoka maabara.

Daktari Joshi alikuwa amesimama kando ya sinki. Dekha akanigeukia, akaniambia kwa Kisomali nisithubutu kufungua mdomo. Alikuwa amejifunza maneno yake mwenyewe. Akaenda mbele yake, akavuta pumzi, akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, neno baada ya neno, "Daktari. Mguu iko. Mkono yako iko?"

Akainyoosha. Ilikuwa inatetemeka vibaya kuliko siku ile ya Bura, naye hakuweza kuizuia, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Samahani, mama," akasema. "Leo imekataa."

Dekha aliitazama kwa muda mrefu.

"Leo kisu hakuna," akasema. "Wacha itetemeke."